Lijue Joto la Duka Lako Kabla ya Kununua Kiyoyozi

Pita Kariakoo saa nane mchana mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi ukiwa umelala na jua limekaza. Utaona jambo linalojirudia duka baada ya duka: kiyoyozi kinanguruma ukutani, mlango uko wazi, na muuzaji anajipepea kwa kipande cha boksi. Mwenye duka amenunua mashine, amemlipa fundi, na kila baada ya siku chache anaongeza umeme wa LUKU. Hata hivyo mteja anayejaribu shati anatoka chumba cha kubadilishia akiwa na jasho mgongoni, na shati analirudisha.

Mara nyingi mashine si mbovu. Tatizo ni kwamba ilinunuliwa kabla ya mtu yeyote kuuliza joto la duka lile linatoka wapi. Aliulizwa jirani ana kiyoyozi cha ukubwa gani, kikanunuliwa kama cha jirani. Ushauri wangu wote katika makala hii unasimama juu ya jambo hilo moja: lijue joto lako kwanza, kisha ndiyo uende dukani.

Kazi ya kiyoyozi

Wengi tunadhani kiyoyozi kinatengeneza baridi. Ukweli ni kwamba kinabeba joto kutoka ndani na kwenda kulimwaga nje. Ndani ya mabomba yake ya shaba mnazunguka gesi. Ikipita kwenye koili ya ndani inageuka kutoka majimaji kuwa mvuke, na katika kugeuka huko inanyonya joto la chumba. Kompresa inaigandamiza na kuisukuma nje, ambako feni kubwa inaipepea hadi iliachie lile joto na kurudi kuwa majimaji. Kisha safari inaanza upya.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba kuendesha kiyoyozi ni kama kukumba maji kwenye mtumbwi. Ikiwa tundu ni dogo, kopo dogo linatosha na mkono hauchoki. Ikiwa tundu ni kubwa, hata ndoo itakushinda. Mwenye akili huziba tundu kwanza.

Kuna kazi ya pili ambayo sisi watu wa pwani hatupaswi kuisahau, nayo ni kukausha hewa. Willis Carrier, Mmarekani anayetajwa kuwa baba wa kiyoyozi cha kisasa, alibuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Shida ya kiwanda hicho ilikuwa unyevu uliokuwa ukivimbisha karatasi na kuharibu rangi. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja tunaishi ndani ya unyevu huo mwaka mzima. Kila lita moja ya maji inayotiririka kutoka kwenye bomba la kiyoyozi imekula takribani BTU 2,300 za uwezo wake. Kwa mashine ya BTU 12,000, hiyo ni karibu sehemu moja ya tano ya kazi ya saa nzima. Kwa hiyo mlango unapoachwa wazi hauingizi joto peke yake. Unaingiza na maji ambayo mashine yako italazimika kuyakamua.

Joto linaingilia wapi

Tenga siku moja, chukua kalamu na daftari, na ukae dukani kuanzia asubuhi hadi jioni. Kipimajoto kidogo kinachoonyesha pia unyevu hakina bei kubwa, kitakufaa. Andika nyuzi joto kila saa. Utagundua joto lina milango mitano.

Wa kwanza ni jua kupitia kioo. Duka linalotazama magharibi ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu jua la saa tisa na saa kumi alasiri linashuka na kupiga kioo uso kwa uso. Kibaraza kifupi hakilizuii, linapita chini yake. Unahitaji turubai linaloshuka, au mapazia ya nje. Nasema ya nje kwa makusudi: pazia la ndani linakinga macho na rangi za bidhaa, lakini mwanga ukishapita kioo, joto limekwisha kuingia.

Wa pili ni paa. Fremu nyingi za pembeni zimeezekwa bati na hazina dari. Bati la mchana huchoma mkono, na joto lake linawashukia wateja kichwani. Weka dari, tandaza juu yake vizuia joto, na ikiwezekana lipake bati rangi nyeupe. Kazi hiyo inafanyika mara moja, ilhali umeme unalipwa kila mwezi.

Wa tatu ni mlango wa barabarani. Weka mlango wa kioo unaojifunga wenyewe. Kama biashara yako haiwezi kufungwa mlango kwa sababu wateja wanapishana bila kukoma, ulizia pazia la hewa, kile kifaa kirefu kinachofungwa juu ya mlango na kupuliza hewa kwa kasi kuelekea chini.

Wa nne ni watu. Mtu mmoja aliyesimama anatoa joto linalokaribia lile la taa ya zamani ya wati 100. Duka lenye watu 20 siku ya mkesha wa Idi ni kana kwamba limewashwa taa 20 za namna hiyo.

Wa tano ni vifaa vyako mwenyewe: taa, kompyuta, televisheni za maonyesho, majokofu. Jokofu la soda linapoza chupa, lakini umeme wote linaotumia unaishia kuwa joto ndani ya duka lako. Mwenye duka la vinywaji na majokofu manne anapaswa kuyahesabu. Na kama bado una taa za halojeni kwenye kabati la maonyesho, zibadilishe ziwe za LED kabla ya kununua chochote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Milango hii mitano ikipunguzwa, unaweza kukuta mashine uliyokuwa uinunue inashuka ukubwa, na pengine pangaboi mbili zinatosha kwa nusu ya mwaka, hasa miezi ya kusi.

Hesabu ya ukubwa

Ukubwa wa kiyoyozi hupimwa kwa BTU kwa saa. Mafundi wengine husema tani: tani moja ni BTU 12,000. Kipimo hicho ni urithi wa enzi za barafu, nacho ni sawa na kazi ya kuyeyusha tani moja fupi ya barafu kwa saa 24.

Kwa duka la kawaida lenye dari, anza na BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba. Ongeza BTU 600 kwa kila mtu anayezidi wawili. Ongeza asilimia 10 kama jua linaingia moja kwa moja. Kisha jumlisha wati za taa na vifaa, uzidishe kwa 3.4.

Tuchukue duka la nguo lenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 8. Eneo lake ni mita 40 za mraba, hivyo tunaanza na BTU 24,000. Wakati wa pirikapirika huwa na watu 11, yaani 9 zaidi ya wawili: BTU 5,400. Kioo chake kinatazama magharibi: BTU 2,400. Taa za LED za wati 400: karibu BTU 1,400. Jumla ni BTU 33,200. Hapo ningeshauri mashine mbili za BTU 18,000, na si moja kubwa. Moja ikiharibika, duka haligeuki tanuri. Na asubuhi kukiwa na wateja wachache unawasha moja tu.

Hesabu hii ni ya kukuanzisha. Duka lisilo na dari, lenye majokofu mengi au lenye ghorofa ya ndani linahitaji fundi aje apime. Fundi anayekutajia ukubwa kwa simu bila kukanyaga dukani kwako, mshukuru na utafute mwingine.

Usidhani pia kwamba kubwa zaidi ni salama zaidi. Kiyoyozi kilichozidi ukubwa kinapoza hewa haraka, kinazima, kinawaka tena, na katika kuwaka na kuzima huko hakipati muda wa kukamua unyevu. Duka linakuwa la baridi lakini lenye uvundo, na viatu vya ngozi vinaota ukungu vikiwa kwenye rafu.

Mashine ipi kwa duka lipi

Kwa fremu ya kawaida, kiyoyozi cha ukutani chenye sehemu mbili, moja ndani na nyingine nje, kinatosha. Hupatikana kuanzia BTU 9,000 hadi 24,000, vipuri vyake viko kila mahali, na mafundi wanakifahamu.

Duka pana lenye dari ya jipsamu linafaa kufungwa kaseti, ile inayofungwa katikati ya dari na kupuliza pande nne. Inaeneza ubaridi vizuri na haili ukuta wa rafu, ila inahitaji nafasi ya kutosha juu ya dari na pampu ndogo ya kuinua maji yake. Pampu hiyo ikifa, maji yanashuka juu ya bidhaa.

Ukumbi mrefu, kama duka la samani, unaweza kutumia kiyoyozi cha kusimama sakafuni cha BTU 36,000 hadi 60,000. Kinarusha hewa mbali, lakini kinakula nafasi, na vingi vya ukubwa huo vinahitaji umeme wa fezi tatu. Supamaketi na maduka ya ghorofa huingia kwenye mifumo mikubwa zaidi: ya mifereji ya hewa darini, au ile ambayo mtambo mmoja wa nje unahudumia vyumba vingi. Hiyo ni kazi ya mhandisi, na fedha ya kumlipa mhandisi usiione kama hasara.

Nitoe tahadhari juu ya zile feni za maji zinazouzwa kama kiyoyozi cha bei nafuu. Zinapoza kwa kuongeza unyevu hewani. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, zinafanya kazi. Dar es Salaam au Mombasa, hewa tayari imeshiba maji, nazo zitakuongezea fukuto tu.

Pangaboi, kwa upande mwingine, isidharauliwe. Haishushi nyuzi joto hata moja, lakini upepo wake ukipita kwenye ngozi mtu anajisikia nafuu. Ukiwa nayo unaweza kuweka kiyoyozi kwenye nyuzi 26 badala ya 23 na mteja asione tofauti, huku pangaboi yenyewe ikitumia umeme mdogo sana.

Umeme ndio bei ya kweli

Bei iliyobandikwa kwenye boksi unailipa mara moja. Umeme utaulipa miaka yote ya mashine. Chukua mashine mbili za BTU 18,000. Ya kwanza inatoa uniti 3 za ubaridi kwa kila uniti moja ya umeme, ya pili inatoa 4. Duka likifunguliwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na kompresa ikizunguka asilimia 70 ya muda huo, ya kwanza itakula karibu uniti 320 na ya pili karibu 240. Hizo 80 zidishe kwa bei ya uniti unayonunulia, kisha kwa miezi 12. Mara nyingi utaona kwamba ile iliyoonekana ghali dukani ndiyo rahisi. Kwa duka linalofunguliwa kutwa, mashine ya inveta, ambayo kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima, ndiyo ninayoipendekeza.

Kabla ya kulipia, mwite fundi umeme aliyesajiliwa akague waya na breka. Kila mashine iwe na laini yake na breka yake kutoka kwenye bodi. Usiichomeke kwenye soketi moja na majokofu. Weka pia kifaa cha kulinda volteji chenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika tatu hivi. Umeme unapokatika na kurudi ghafla, kompresa inayolazimishwa kuwaka kabla shinikizo la gesi halijatulia inaweza kuungua. Na kama unatumia jenereta, kumbuka kompresa ya kawaida inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishashika mwendo.

Siku ya kufunga simama hapo hapo

Kama fremu ni ya kupanga, pata kwanza ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Yaandikwe matatu: sehemu ya nje itakaa wapi, ukuta utatobolewa wapi, na mashine ni ya nani siku utakapohama. Nimeona ugomvi mkubwa ukianzia kwenye hilo la tatu.

Sehemu ya nje iwekwe penye hewa. Ukiitia kwenye kichochoro kilichozibwa, itavuta ile ile hewa ya moto iliyotoka kuitema, na uwezo wake utashuka. Ukiwa karibu na bahari, ulizia mashine yenye koili iliyopakwa kinga ya kutu, maana chumvi hula mapezi yake ya alumini hadi yakamomonyoka kama majivu. Bomba la maji literemke vizuri na liishie kwenye mfereji, lisidondoshee wapita njia wala ukuta wa jirani.

Kisha msimamie fundi kwenye jambo moja: kabla ya kufungulia gesi, atumie pampu kuvuta hewa na unyevu wote uliomo kwenye mabomba, kwa dakika 20 au zaidi. Wapo wanaoiruka hatua hii kwa haraka. Unyevu unaobaki ndani unachanganyika na mafuta ya kompresa na kuila polepole, na mwaka wa pili unaambiwa mashine ilikuwa mbovu tangu kiwandani.

Gesi haiishi

Ukisikia "gesi imeisha, tuongeze," muulize fundi imetokea wapi. Gesi ya kiyoyozi inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa. Haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Ikipungua, pana tundu. Anayeongeza bila kutafuta tundu atarudi baada ya miezi michache, nawe utalipa tena. Kuuliza si ujinga.

Soma pia kibandiko kilichoko kwenye mashine ujue inatumia gesi gani. R-22 ni ya zamani, inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zetu zimo katika ratiba ya kuiacha karibu yote ifikapo 2030. Usikubali kuuziwa mashine yake, hata iwe ya mtumba yenye bei ya kuvutia, maana kuihudumia kutazidi kuwa kugumu. R-410A haina madhara kwa ozoni lakini inachangia sana ongezeko la joto la dunia, na makubaliano yaliyofikiwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 yanalenga kuzipunguza gesi za kundi hilo. R-32 ina madhara madogo zaidi kwa upande huo, ila inaweza kushika moto kwa kiasi, kwa hiyo inataka fundi aliyefunzwa. Kila mashine ijazwe gesi yake tu. Anayetaka kuitia gesi nyingine kwa sababu "zote ni sawa" anahatarisha mali yako na maisha yake.

Matunzo na matumizi

Osha filta kila wiki mbili, na kila wiki kama duka liko kando ya barabara ya vumbi. Zima breka, vuta filta, oshea maji, kausha kivulini, rudisha. Kazi ya dakika 15, na kijana yeyote wa dukani anaweza kufundishwa. Koili zisafishwe na fundi kila baada ya miezi mitatu kwa sisi wa pwani.

Rimoti iwe kwa mtu mmoja, na nyuzi ziwe kati ya 24 na 26. Kuweka 16 hakuharakishi ubaridi kwenye mashine ya kawaida; kunaizuia tu isipumzike. Mwenye duka la dawa asome vibandiko vya dawa zake, nyingi zinataka kuhifadhiwa chini ya nyuzi 25 au 30, na aweke kipimajoto rafuni asibahatishe. Kumbuka pia kwamba kiyoyozi cha ukutani kinazungusha hewa ile ile. Duka linalojaa watu linahitaji feni ya kutoa hewa chafu na upenyo wa kuingiza safi, la sivyo wauzaji watamaliza siku wakiumwa vichwa.

Kwa walioko nyanda za juu

Ndugu zetu wa Njombe, Makambako au Limuru wana shida ya upande wa pili mwezi wa Juni na Julai. Ushauri ni ule ule: ziba upepo kwanza, mlango, madirisha na nyufa za dari. Ukihitaji joto, nunua kiyoyozi chenye uwezo wa kupindua mzunguko wake na kuvuta joto la nje kuliingiza ndani. Kwa uniti moja ya umeme kinaweza kuleta joto la uniti tatu hivi, ilhali hita ya kawaida inatoa uniti moja tu. Na tafadhali, usiingize jiko la mkaa kwenye duka lililofungwa. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa anadhani anasinzia.

Wakati mzuri wa kufanya haya yote ni majira ya kusi, mafundi wakiwa na nafasi, na si Januari kila mtu anapomgombea fundi. Basi kabla hujatoa hata shilingi, kaa dukani kwako siku moja na daftari lako. Ziba unachoweza kuziba, hesabu kilichobaki, kisha nenda ukanunue mashine ya hesabu hiyo. Mteja wako atakaa muda mrefu zaidi akichagua, na muuzaji wako atafunga duka jioni akiwa bado ana nguvu ya kutabasamu.